Mafumbo ya Maneno na Jinsi ya Kuyafumbua

Mazungumzo ya leo ni juu ya mchezo wa akili, nao ni fumbo la maneno yanayopitana katika vyumba. Yamepigwa chapa ili kila mtu ayafuate polepole, akiwa na kalamu na kipande cha karatasi, kwa maana mchezo huu haufahamiki kwa kusikia tu. Sharti mkono nao ufanye kazi. Hautaki elimu kubwa. Mtoto ajuaye kusoma na kuandika aweza kuuanza, na mzee mwenye akiba ya maneno aweza kumshinda mwalimu wa shule.

Watu wa Mwakitolyo, katika wilaya ya Shinyanga, wataufahamu upesi, kwa kuwa kazi ya kijiji chao yafanana nao. Mchimbaji mdogo akitoa jiwe katika duara hafurahi kwa sababu tu linang'aa. Yako mawe yang'aayo mfano wa dhahabu, na wala dhahabu si dhahabu. Basi jiwe hupondwa, likasagwa, na unga wake ukaoshwa kwa maji. Kilicho chepesi huchukuliwa na maji, na kilicho kizito hubaki chini. Hapo ndipo mtu ajuapo kama amepata au amekosa. Fumbo la maneno ni vivyo hivyo. Maneno yake yang'aa juu na kuvuta macho upande mmoja, lakini jibu limo ndani, nalo halitoki mpaka maneno yamepondwa.

VITENDAWILI NA MAFUMBO

Kucheza kwa maneno si jambo geni kwetu. Jioni, baada ya chakula, mmoja husema, "Kitendawili!" na wenziwe hujibu, "Tega!" Kwa Wasukuma mtegaji husema, "Kalagu!" na wenziwe huitika, "Kize!" Akitega, "Nyumba yangu haina mlango," jibu lake ni yai. Wenziwe wakishindwa, yeye huomba mji. Akishapewa mji ndipo afumbuapo.

Pwani nako walikuwako mabingwa wa mafumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alisifika kwa mashairi yenye maana ya juu na maana ya ndani. Tena palikuwa na mchezo uitwao kinyume, ambao Askofu Edward Steere, aliyefariki Zanzibar mwaka 1882, aliutaja katika maandishi yake juu ya Kiswahili. Katika mchezo huo mtu huitwaa silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mbele, hata "mbuzi" akawa "zimbu" na "nyumba" ikawa "mbanyu", ili asiyeujua asisikie kinachosemwa.

Lakini tuangalie jambo moja. Mtoto akitegewa ile nyumba isiyo na mlango, naye akajibu, "Kaburi," twamwambia amekosa. Akiuliza sababu, hatuna la kumjibu ila kwamba wazee walisema yai. Kaburi nalo ni nyumba, nalo halina mlango. Jibu la kitendawili lalindwa na desturi. Asiyelelewa katika desturi hiyo hana njia ya kulithibitisha. Fumbo tunalotaka kulieleza leo ni la namna nyingine. Hakimu wake yumo ndani yake. Mwenye kulifumbua aweza kuonyesha, herufi kwa herufi, ya kuwa jibu lake ni hili na wala si jingine, hata kama aliyelitunga hayupo. Hapa hapana haja ya kuomba mji.

ASILI YA MCHEZO

Arthur Wynne, mtu aliyezaliwa Liverpool katika Uingereza na kuhamia Marekani, alitoa fumbo la kwanza la maneno yanayopitana katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mafumbo yale ya kwanza yaliuliza maana ya neno tu. Baadaye Waingereza walianza kutunga maswali yenye hila ndani yake. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, aliyatunga katika gazeti la The Observer tangu mwaka 1926 hata alipokufa mwaka 1939, na gazeti la The Times lilianza kutoa fumbo lake tarehe 1 Februari 1930.

Wengine waliuona mchezo huu kuwa upuuzi, lakini vita vilionyesha vingine. Mwezi wa Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph lilifanya mashindano ya kufumbua fumbo kwa muda usiozidi dakika 12. Baadaye baadhi ya washindani waliitwa na serikali, wakapelekwa Bletchley Park, mahali palipofanywa kazi ya siri ya kufumbua barua za adui. Waliomba kalamu kwa ajili ya mchezo, wakajikuta kazini.

KANUNI YA MASHAHIDI WAWILI

Kanuni kubwa ya fumbo la haki ni hii: kila swali lamtaja jibu lake mara mbili. Mara moja lamtaja kwa maana, na mara ya pili kwa herufi. Na tuwaite hao mashahidi wawili: shahidi wa maana na shahidi wa herufi. Shahidi wa maana hukaa mwanzo wa swali au mwisho wake, hakai katikati. Sehemu inayobaki ni ya shahidi wa herufi. Wakati mwingine liko neno dogo la kuwaunganisha, kama vile "ni", "kwa" au "huwa".

Katika sehemu ya shahidi wa herufi mna neno la amri, yaani neno linalotuambia tufanye nini na herufi: tuzivuruge, tuzigeuze, tuzikate au tutafute kilichofichwa ndani. Mwishoni mwa swali huandikwa hesabu ya herufi katika mabano. Kumbuka kwamba kila herufi yahesabiwa peke yake. "Ch" ni herufi mbili, "sh" ni mbili, na "dh" ni mbili.

Mashahidi wawili wakikubaliana, jibu ni hilo. Akikubali mmoja na mwingine akikataa, usiandike kitu. Sasa na tuingie kazini.

NAMNA ZA MAFUMBO

Neno lenye maana mbili. Hii ndiyo namna iliyo rahisi, na Kiswahili ni tajiri mno kwa maneno ya jinsi hii: paa ni mnyama na tena ni sehemu ya juu ya nyumba, tembo ni mnyama na tena ni kinywaji, kaa yu baharini na kaa lipo motoni. Soma swali hili:

"Kazi ya seremala: peleka tumboni bila kutafuna (4)."

Anayesoma juu juu hucheka akidhani mtu ameamriwa kula mbao. Lakini ligawe swali palipo na nukta mbili. Kazi ya seremala ni MEZA. Kupeleka kitu tumboni bila kukitafuna ni kumeza, na amri yake ni MEZA. Hapa mashahidi wote wawili ni wa maana, nao wamekubaliana.

Neno lililofichwa. Soma:

"Mnyama mkali yumo si mbali (5)."

Msomaji wa haraka atatazama nyuma yake kwa hofu, kisha ataandika NYATI, kwa sababu nyati ni mnyama mkali, na herufi zake ni tano. Shahidi wa maana amekubali. Lakini je, shahidi wa herufi asemaje? Neno la amri ni "yumo", nalo lasema kwamba mnyama yumo ndani ya maneno yanayofuata. Maneno hayo ni "si mbali". Yaandike bila nafasi: SIMBALI. Ondoa LI ya mwisho, wabaki SIMBA. Yeye yumo ndani yake kweli, herufi kwa herufi, na nyati hayumo. Hapa twaona faida ya shahidi wa pili: bila yeye tungaliandika neno la uongo na kulidhania kuwa kweli.

Herufi zilizovurugwa. Soma:

"Salima amevurugika kwa kito cha Mwadui (6)."

Kwa mwenye kusoma habari tu, huyu ni mwanamke aliyekosa raha kwa ajili ya kito. Lakini mfumbuaji hamwonei huruma. Aona kwamba SALIMA ni neno la herufi sita, na kwamba "amevurugika" ni amri ya kuzichanganya herufi hizo. Shahidi wa maana ni "kito cha Mwadui". Mwadui, katika mkoa wa Shinyanga, ndipo Mkanada John Williamson alipogundua almasi mwaka 1940. Zipange upya herufi za SALIMA, nawe utapata ALMASI. Zihesabu: A mbili, L moja, M moja, S moja, I moja, sawasawa pande zote mbili. Mtu akiandika YAKUTI, nacho ni kito, tena herufi zake ni sita. Lakini Salima hana Y wala K. Maneno ya amri ya namna hii ni mengi: kuvuruga, kuchanganya, kukoroga, kuponda, kutikisa, hata kulewa.

Maneno yaliyoungwa. Soma:

"Ugali na mdudu wa uchafu huleta huzuni (7)."

Hapana atakayebisha kwamba jambo hilo laleta huzuni. Lakini angalia: ugali kwa jina lingine ni SIMA, na mdudu apendaye uchafu ni NZI. Viweke pamoja, SIMA na NZI, upate SIMANZI, ambayo maana yake ni huzuni. Neno "na" ndilo lililotuamuru kuunga, na "huleta" ndilo lililotupeleka kwa shahidi wa maana.

Neno lililogeuzwa. Soma:

"Aibu ikigeuzwa huzaa ushirika (4)."

Andika AIBU, kisha isome kutoka mwisho kurudi mwanzo: U, B, I, A. UBIA ni ushirika wa watu katika mali au kazi. Wachimbaji walijua neno hili kabla ya fumbo letu, kwa kuwa duara nyingi huchimbwa kwa ubia; nao wajua pia kwamba ubia ukigeuzwa nyuma hurudi kuwa aibu.

Kinyume. Huu ndio ule mchezo wa pwani tuliokwisha kuutaja, nao wafaa sana lugha yetu, kwa sababu silabi za Kiswahili husimama kila moja peke yake. Hapa hatugeuzi herufi moja moja, bali twaitanguliza silabi ya mwisho. Soma:

"Lima kinyume upate utajiri (4)."

LI-MA, kwa kinyume chake, ni MA-LI. Mali ni utajiri. Usilichukue swali hili kuwa ushauri wa kilimo.

Neno lililokatwa. Soma:

"Mkataba uliokatwa mwisho humwacha maskini (5)."

Twaa neno MKATABA, kata BA iliyo mwisho, itabaki MKATA, ambaye kwa Kiswahili ni mtu maskini asiye na kitu. Hesabu ya tano ndiyo iliyotuonyesha kiasi cha kukata: mkataba una herufi saba, jibu lina tano, basi mbili ziondoke.

Neno lililotiwa ndani ya jingine. Soma:

"Si uani? Ni maneno ya mwisho ya mzee (4)."

Hapa amri imejificha katika kiungo kidogo sana. "Uani" maana yake ni ndani ya ua. Basi twaambiwa tutie SI ndani ya UA. Ifungue UA, tia SI katikati, upate U-SI-A. USIA ni maneno ambayo mzee huwaachia watoto wake kabla ya kufa. Hii ni hila ambayo Kiswahili chaiweza kwa uzuri, kwa kuwa herufi mbili, "-ni", zatosha kumpeleka mtu ndani.

Herufi za mwanzo. Soma:

"Mkulima, vumilia ukame, asema mwanzoni, yatoka mawinguni (4)."

Neno la amri ni "mwanzoni". Twaa herufi ya mwanzo ya kila neno lililotangulia: Mkulima, Vumilia, Ukame, Asema. M, V, U, A. MVUA ndiyo itokayo mawinguni.

MSAADA KWA MWANZO

Mwanafunzi atauliza, "Nitajuaje pa kuanzia?" Kwanza, usiifuate hadithi ya swali. Usimhurumie Salima, usimwogope mnyama. Mtungaji ameitengeneza hadithi hiyo ili ikuchukue mbali na njia. Tazama maneno kama vitu vilivyowekwa mezani, moja moja.

Pili, tafuta neno la amri. Neno lolote lenye maana ya kuvunja, kurudi, kuingia, kukata au kuanza lishukiwe kwanza.

Tatu, tumia ngeli. Katika jambo hili Mswahili ana bahati, kwa maana viambishi vyetu husema kweli hata mtungaji akitaka kuficha. Palipoandikwa "yumo" twajua kwamba jibu ni kiumbe chenye uhai. Palipoandikwa "yatoka mawinguni" twajua kwamba jibu laweza kuwa mvua, na ya kuwa haliwezi kuwa ukungu, maana ukungu watoka, wala si yatoka. Anayeijua sarufi yake amekwisha kupunguza nusu ya majibu kabla ya kuinua kalamu.

Nne, kumbuka kwamba maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache sana ya kigeni, huishia kwa a, e, i, o au u. Chumba cha mwisho cha karibu kila jibu kina moja ya hizo tano.

Tano, tumia vyumba vyenyewe. Maneno hupitana, mengine kwenda kulia na mengine kushuka chini, na mahali yanapokutana huwa na herufi moja kwa yote mawili. Twaa karatasi, uandike SIMBA kwenda kulia. Herufi yake ya mwisho ni A. Kutoka hapo andika ALMASI kushuka chini. Herufi ya tatu ya ALMASI ni M. Kutoka hiyo andika MALI kwenda kulia. Sasa fikiri: kama ungaliandika NYATI mahali pa SIMBA, herufi ya mwisho ingalikuwa I, na ALMASI isingalipata pa kuanzia. Hivyo vyumba ni shahidi wa tatu, naye hukuonya mapema kwamba umekosa. Kwa hiyo mtu mwenye busara huandika kwanza kwa kalamu ya risasi.

FAIDA YAKE NJE YA MCHEZO

Huenda mtu akasema, "Haya yote ni mazuri kwa wenye nafasi, lakini sisi tuna kazi." Neno hilo lataka jibu.

Mahali penye machimbo watu hufanya ubia. Mmoja ana eneo, mwingine ana fedha za chakula na vyombo, wengine wana nguvu za mikono. Kabla ya mawe kutoka wapatana jinsi ya kugawana, na siku hizi mapatano hayo mara nyingi huandikwa. Basi mtu huletewa karatasi yenye maneno kama haya: "Tutagawana nusu kwa nusu baada ya kutoa gharama." Asomaye kwa haraka huona "nusu kwa nusu" na moyo wake hufurahi, hayo ndiyo maneno yang'aayo. Lakini aliyezoea mafumbo husimama katika yale yasiyong'aa. "Baada ya" ni neno la amri: lasema kipi kitangulie. "Kutoa" ni neno la kukata. "Gharama" ni neno lisilo na hesabu katika mabano. Gharama zipi? Nani azihesabu? Je, zina mwisho? Nusu ya kitu kilichokatwa mpaka kikaisha ni nusu ya hewa.

Hapa pana tofauti kubwa ambayo sharti tuitaje. Fumbo la gazetini lina ruhusa ya kudanganya macho, kwa kuwa msomaji ameuingia mchezo kwa hiari yake, na kwa kuwa mtungaji wa haki ameweka mashahidi wote wawili ndani ya swali. Mkataba hauna ruhusa hiyo. Mkataba mwema ni ule ambao maana yake ya juu na maana yake ya ndani ni moja. Mtu akiona kwamba karatasi aliyopewa yataka kufumbuliwa, asitie sahihi wala dole gumba. Aulize kwanza, na majibu yaandikwe. Tena asisome peke yake kama hana yakini: amwite mwenziwe aisome naye, kila mmoja aeleze alivyoelewa, na maelezo yao yakipishana, hapo ndipo penye fumbo. Ile hila ya mkataba na mkata tuliyoichezea hapo juu ni kichekesho katika vyumba vya gazeti tu.

Ndiyo maana twawashauri walimu na wazazi kuwaachia watoto mchezo huu. Mtoto aliyezoea kuulizwa, "Umejuaje?" naye akaonyesha herufi moja moja, haridhiki tena na jibu kwa sababu tu mkubwa amelisema, wala hafadhaiki akiona neno asilolijua. Hulivunja, hulipima, hungoja shahidi wa pili.

MAZOEZI

Haya hapa maswali manne. Yajaribu usiku huu pamoja na watu wa nyumbani kabla ya kutazama majibu.

1. "Rafiki akivurugika huwa mtu asiye na mali (6)."

2. "Damu kinyume huwa wakati (4)."

3. "Hakukucha, na ndani yumo mtaga mayai (4)."

4. "Nchi iliyo mbali na pwani, mara mbili, ndiyo njia (8)."

MAJIBU

1. FAKIRI. Ni herufi za RAFIKI zilizochanganywa, na fakiri ni mtu asiye na mali. Anayejibu MASKINI hukataliwa na hesabu kabla hajafika kwa herufi.

2. MUDA. DA-MU kwa kinyume ni MU-DA, na muda ni wakati.

3. KUKU. Amefichwa katikati ya neno "hakukucha": HA-KUKU-CHA. Neno "yumo" limetuambia kwamba ni kiumbe, na "ndani" limetuambia mahali alipo.

4. BARABARA. Nchi iliyo mbali na pwani ni BARA. Mara mbili ni BARABARA.

Aliyepata yote manne na ajaribu sasa kutunga lake mwenyewe. Achague neno moja la kazi yake ya kila siku, jembe au karai au mizani, aligeuze, alikate, alifungue, atazame ndani mnapatikana nini. Asikate tamaa neno la kwanza likikataa, bali atwae jingine. Kisha ampe mwenziwe alifumbue, naye asimwambie jibu, amwulize tu, "Mashahidi wako wawili wako wapi?"